Fundi, Hii Stereo ya Mzee Inaweza Kubeba Wufa?

Mwezi huu karibu kila aliyetuandikia anauliza wufa, ile spika ya besi ya chini. Kuna wenye stereo walizoachiwa na wazee, kuna walionunua kitu sokoni wakafika nyumbani wakakuta hakuna pa kuchomeka. Nimechagua barua chache, hizo zingine zinafanana nazo sana kwa hivyo ukisoma hapa kuna mahali utajipata.

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko Migosi hapa Kisumu. Mzee wangu aliniachia amplifaya ya Pioneer ya miaka ya themanini na spika zake mbili kubwa za mbao, bado zinalia benga na rumba vizuri sana lakini besi ya chini naona kama imepotea, haswa nikitoka kwa jirani mwenye hizi mashine mpya. Jumapili nikapita Kibuye nikapata wufa, ni boksi tu na spika ya inchi 10 ndani, haina waya ya stima, nyuma imeandikwa omu 4. Aliyeniuzia amesema nifunge palepale spika za mzee zimefungwa, waya juu ya waya. Amplifaya yenyewe haina shimo limeandikwa subwoofer. Nikifunga itaungua?
*Kijana wa Migosi*

JIBU: Omera, usifunge. Weka hiyo boksi kando kwanza, hujaharibu kitu bado.

Geuza amplifaya uangalie pale waya za spika zinaingia. Nyingi za wakati huo zimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ukitumia spika za A peke yake ama B peke yake (ni seti mbili za mashimo ya spika) inakubali kuanzia omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, zikipungua amplifaya inasukuma kwa nguvu zaidi), lakini ukitumia A na B pamoja kila spika iwe omu 8 kwenda juu. Hayo maandishi si mapambo. Spika za mzee pengine ni omu 8, sasa ukifunga hapo kitu cha omu 4 sambamba nazo mzigo unashuka mpaka karibu omu 2.7, na amplifaya ya nyumbani haikutengenezwa kusukuma mzigo kama huo. Shida ni kwamba haitaungua siku hiyo hiyo. Ukisikiliza pole pole italia poa kabisa na utasema fundi wa gazeti ni muoga, alafu siku wageni wamekuja umepandisha voliumu ndio utasikia harufu. Na kama yako ni ya zile zinatumia STK (ile chipu kubwa ya kusukuma spika) ndani basi hesabu hasara mara mbili, juu STK original siku hizi ni ngumu kupata na feki zimejaa, fundi anaiweka leo wiki ijayo uko mlangoni kwake tena.

Kuna jambo lingine huyo muuzaji hakukuambia. Ukifunga vile, wufa itapokea kila kitu, sauti ya mwimbaji, gitaa, kengele, yote, juu hakuna kitu cha kuchuja. Utasikia mwimbaji anaongea kutoka kwa boksi kama ako ndani ya pipa. Angalia nyuma ya hiyo boksi kama ina terminali za kuingia na zingine za kutoka kwenda kwa spika. Zikiwepo basi ina kichujio chake cha koili ndani, na angalau ilitengenezwa kufungwa kwa stereo. Kama ni terminali mbili tu, ni spika tupu.

Sasa kabla hujatoa hata shilingi, nataka ufanye vitu viwili, juu umesema besi "imepotea" na spika kubwa za mbao hazipotezi besi hivi hivi. Kwanza fuata waya za spika moja moja kutoka kwa amplifaya mpaka kwa spika. Nyekundu iende nyekundu, nyeusi nyeusi, kwa zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, koni moja inaenda mbele wakati ingine inarudi nyuma na besi zinauana hapo katikati ya nyumba, na hii naikuta sana kwa stereo zilizohamishwa kutoka nyumba moja kwenda ingine. Pili, toa kile kitambaa cha mbele uangalie ukingo wa koni. Nyingi zilikuwa na ukingo wa sponji, na sponji ya miaka thelathini na zaidi inaoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama makombo ya mkate. Ikiwa imefika hapo, kuna mafundi wa kubadilisha sponji peke yake, koni na koili zikibaki zile zile, na pengine ukishafanya hivyo utasahau mambo ya wufa kabisa. Ukingo wa raba ama wa kitambaa hudumu sana, huo wala usiushughulikie.

Umekagua zote na bado unataka? Sawa. Tafuta wufa yenye amplifaya yake ndani, yaani inachomekwa kwa stima, na nyuma yake iwe na mahali pa kufunga waya za spika, kawaida pameandikwa High Level ama Speaker Level. Hapo ndio siri ya stereo za zamani iko. Unatoa waya kwa terminali zile zile za spika za mzee, kushoto na kulia, unapeleka kwa wufa, na spika zako zinabaki zimefungwa venye zilikuwa. Haitalemea amplifaya kwa sababu hizo terminali za wufa zina ukinzani wa maelfu ya omu, zinasikiliza tu, hazili nguvu. Ndio maana hata waya nyembamba inatosha, usidanganywe ununue ile nene ya bei. Na kitu tamu zaidi ni kwamba ukizungusha nobu ya voliumu ya Pioneer wufa inapanda na kushuka pamoja na spika, hakuna kukimbizana na remoti mbili.

Wakati wa kufunga zima kila kitu na uchomoe kwa soketi kabisa. Sokota nyuzi za waya zikaze, juu unyuzi mmoja wa shaba ukiruka kutoka nyekundu hadi nyeusi unatosha kumaliza hiyo STK tuliyokuwa tunaongea. Alafu kama una mita ya kupima stima, iweke pale inalia waya mbili zikiwa zimeshikana (mwendelezo), gusa nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia, amplifaya ikiwa imezimwa na waya za spika zimetolewa. Ikilia, hizo nyeusi zimeshikana ndani na uko sawa kuendelea. Isipolia usiziunganishe kwa wufa, tafuta fundi anayeelewa, kuna amplifaya chache ambazo nyeusi yake si ardhi na ukiifunga na ardhi ya wufa umeshaua.

Hiyo boksi ya Kibuye pia haijapotea. Kuna bodi ndogo za amplifaya zinatumia chipu ya TPA3116, zingine ziko na krosova yake (kichujio kinachoachia besi tu ipite) na nobu ya besi, unaipatia adapta ya volti 24 na inasukuma spika ya omu 4 ya nyumbani bila wasiwasi. Lakini itabidi umpate mtu wa kukutengenezea njia ya kushusha mawimbi ya spika mpaka kiwango cha bodi, usichomeke moja kwa moja.

Ikishalia, krosova anza na Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), voliumu ya wufa iwe sufuri, weka wimbo unaoujua mpaka kwenye mifupa, alafu pandisha pole pole mpaka uisikie wufa, ukishaisikia rudisha kidogo. Spika kubwa kama zako pengine zitapenda Hz 60 ama hata chini ya hapo, sikiliza mwenyewe. Kile kiswichi cha fezi, 0 na 180, cha kufanya wufa isukume pamoja na spika, mtu akibadilishe ukiwa umekaa pale unakaaga kila siku, chukua upande wenye besi imejaa zaidi, imeisha hiyo. Zima na kile kitufe cha Loudness kwa Pioneer na urudishe nobu ya Bass katikati, la sivyo unaongeza sukari kwa soda.

Na usitegemee miujiza kwa benga. Waya ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi nne iko Hz 41, spika nyingi za nyumbani zinaanza kuchoka kabla ya hapo, kwa hivyo ndio, utaongezewa kitu. Lakini zile santuri za zamani hazikurekodiwa na besi ya kutetemesha kifua. Kama wufa inakutetemesha kifua na wimbo wa 1975, umeipandisha sana.

SWALI: Mimi ni wa Section 58, Nakuru. Niko na Technics na kicheza santuri chake. Nimenunua hizi wufa za kisasa za USB na bluetooth, inakuja na spika tatu ndogo, katoni imeandikwa wati elfu kumi PMPO. Nataka nitumie ile boksi kubwa tu, spika za Technics ziendelee kama kawaida. Nimeunganisha kutoka pale Rec Out ya Technics mpaka AUX ya wufa. Inalia, lakini nikipunguza voliumu ya Technics wufa haishuki, inabaki ikinguruma peke yake. Alafu nikiweka santuri na nikipandisha kidogo inaanza kulia uuuu mpaka natoroka kuizima.
*Mpenda Santuri*

JIBU: Hizo ni shida mbili tofauti ndugu yangu, na zote dawa iko.

Rec Out ni ya kurekodi kaseti. Mawimbi yanatolewa hapo kabla yafike kwa nobu ya voliumu, ndio maana Technics unaweza kuishusha mpaka sufuri na wufa haina habari. Jaribu shimo la earphone mbele. Chomeka adapta ya ile jeki kubwa, uone kama spika bado zinalia. Kwa amplifaya nyingi za zamani zinaendelea kulia mpaka uzizime wewe kwa swichi ya A na B, na hapo umepona: toa waya kutoka earphone mpaka AUX ya wufa, na voliumu sasa inafuatana. Kama yako inakata spika, nenda kwa maduka ya redio za gari uulize ile kaboksi ya kugeuza waya za spika kuwa RCA, zile plagi ndogo za sauti za nyekundu na nyeupe. Watu wa magari wanaitumia kila siku kufunga amplifaya kwa redio ambayo haina RCA, na kwa stereo yako inafanya kazi ile ile.

Zile spika tatu ndogo zitoe tu, wufa haidhuriki ikikosa spika. Ubaya wa hizi mashine ni kwamba nyingi hazina nobu ya krosova, zimeamuliwa kiwandani, kwa hivyo besi yake inaweza kupanda juu kuliko unavyotaka ikajaa pale spika za Technics tayari zinafanya kazi. Ukiona sauti imekuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, shusha besi ya wufa, usishushe ya Technics.

Ile uuuu ni wufa inatikisa kicheza santuri, sindano inasoma hiyo mtetemo kama ni muziki, inarudisha kwa amplifaya, amplifaya inaipeleka kwa wufa tena na mzunguko unaendelea. Hapana weka wufa kwa meza moja na santuri, wala karibu nayo kwa sakafu ya mbao. Ipeleke upande mwingine wa chumba, na kicheza santuri kikae juu ya kitu kizito. Watu wengine wanakifunga kwa rafu ya ukutani na inasaidia sana. Kifuniko chake pia kifunge ama ukitoe kabisa wakati santuri inalia, kikiwa kimeinuka nusu kinadaka besi yote ya nyumba.

Mambo ya wati elfu kumi achana nayo. Geuza wufa usome ile karatasi ya nyuma, imeandikwa inakula wati ngapi za stima. Kama inakula 60 haiwezi kukupatia hata 60 za muziki mfululizo. PMPO, yaani wati za kilele tu, ni ya kuuza katoni.

SWALI: Fundi nimefunga wufa kwa stereo ya zamani na pia nimepitisha sauti ya TV hapo. Kuna mlio nguuuu hauishi, hata wimbo ukiwa umesimama. Rafiki ameniambia nikate ile pini ya ardhi kwa plagi. Nikate?
*Kakamega, Lurambi*

JIBU: Usikate. Pini ya ardhi iko hapo ili siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma stima iende ardhini badala ya kupitia kwako.

Mlio huo ni wa stima yetu ya Hz 50 umeingia kwa waya za sauti. Anza na mambo rahisi: wufa, stereo na TV zote zichomeke kwa ekstensheni moja, na waya za RCA zisilale pamoja na za stima. Haujaisha? Chomoa waya ya dishi ama ya antena nyuma ya dikoda. Ukinyamaza hapo hapo mwizi umempata, dishi imeshika ardhi yake huko nje na stereo imeshika yake ndani, zinavutana kupitia waya za sauti. Kuna kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi kinauzwa kwa duka zile zile za redio za gari, kinaingia katikati ya waya za RCA, ni cha bei nafuu. Na kama unatoa waya zote na wufa peke yake bado inanguruma, basi ni kapasita za pawa ndani zimekauka, peleka kwa fundi.

Na kwa sababu uko Kakamega niongeze hili hata kama hukuuliza. Mvua za mchana na radi zenu mnazijua. Ikianza kunguruma kule juu chomoa plagi na uchomoe pia waya ya dishi. Kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi. Na wale wenye plagi ya pini mbili mnaoingiza kalamu kwa tundu la juu ili soketi ikubali, nunueni adapta tafadhali.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Bungoma. Mzee wa nyumba ameongeza wufa kwa stereo yake ya siku nyingi, ameiweka kona nyuma ya kochi. Tangu siku hiyo kabati ya vyombo inalia, mabati yanalia, na jirani amenuna. Yeye mwenyewe akikaa kwa kiti chake anasema besi ni kidogo anaongeza! Naomba unisaidie kabla sijaitoa nje.
*Mama Watatu*

JIBU: Marahaba mama, usiitoe bado.

Mzee hadanganyi, na wewe pia hudanganyi. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa kama mita 8 na nusu, ni refu kuliko sitting rumu yenu, kwa hivyo linagonga ukuta na kurudi na kuna mahali linajikusanya na mahali linajifuta. Kiti cha mzee kiko pale linajifuta. Kabati yako iko pale linajikusanya. Na kona inaongeza besi kwa fujo, ndio maana watu wanaipenda.

Mwambie afanye hivi siku watoto wako shule. Wufa iwekwe juu ya kiti chake yeye, iwekwe wimbo wenye besi inayotembea, alafu yeye mwenyewe atambae sakafuni kando ya kuta akisikiliza. Ndio, atambae, ni njia ya kweli wala simchezei mzee. Pale atasikia besi iko sawa, haivumi wala haijapotea, ndipo wufa ikae. Mara nyingi ni kando ya ukuta, mbali kidogo na kona. Akishaipata mahali pake atajipata anashusha voliumu mwenyewe juu sasa anaisikia.

Kwa vitu vinavyolia, tia vipande vya raba ama kandambili zilizoisha chini ya miguu ya wufa, na sahani kwa kabati uziwekee karatasi katikati. Mabati ni misumari iliyolegea, mtu apande aikaze. Jirani naye mkumbushe mzee kwamba kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na besi ndio inapita ukuta kwanza, maneno ya wimbo yanabaki kwenu.

SWALI: Niko Busia, niko na amplifaya ya gari na wufa ya gari inchi 12. Naweza tumia pawa ya kompyuta ya zamani nifunge na stereo ya nyumba?
*Boda Boy*

JIBU: Inawezekana na watu wanafanya, lakini kwa sauti ya kadiri tu. Amplifaya ya gari ya wati 200 za kweli inaweza kuvuta ampea 25 na zaidi kwa volti 12 ukiifungulia, na pawa nyingi za kompyuta za zamani hazifiki hapo, kwa hivyo besi ikigonga pawa inazima yenyewe alafu unakuja kulaumu amplifaya. Soma karatasi ya pawa pale imeandikwa 12V uone ni ampea ngapi kabla ya kununua. Chukua waya nene kwa upande wa volti 12, weka fyuzi karibu na pawa, na usifungue hiyo pawa kuchokora ndani hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake zinakaa na moto. Kama amplifaya yako ina mahali pa kuingiza waya za spika, tumia hapo kutoka kwa stereo, lakini fanya kwanza ile kazi ya mita niliyomwambia kijana wa Migosi.